Bambo, Mizani na Mpaka wa Namanga

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia kamishna wa forodha wa nchi hiyo barua fupi. Mahindi ya Tanzania na Uganda, ilisema barua hiyo, yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango cha usalama. Kwa hiyo yasiingie tena. Juma halijaisha, malori yalikuwa yamejipanga Namanga, maturubai yamekazwa, madereva wamejibanza chini ya trela kutafuta kivuli. Tarehe 10 Nairobi ililegeza kamba: mahindi yapite, lakini mwagizaji awe amesajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Hiyo ni mikrogramu 10 katika kilo nzima ya mahindi. Jicho haliioni, pua hainusi, ulimi hauonji, na moto wa kupikia ugali hauiondoi.

Siku hizo simu ya mkemia mmoja wa upande wa Tanzania ilikuwa haitulii. Ameshika kazi ya maabara tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza Mwanza kwenye samaki, kisha kwenye nafaka, na wafanyabiashara wa njia ya Arusha wanamjua kwa jina. Ombi lao lilikuwa moja: "Mama, tusaidie tupate cheti leo." Naye kila mmoja alimuuliza swali lile lile: haya mahindi yalikaukia wapi? Wachache sana walikuwa na jibu. Mzigo ulinunuliwa kwa dalali, dalali alikusanya vijijini, na hakuna gunia lililoandikwa lilikotoka.

Mitaani na kwenye makundi ya WhatsApp watu walikuwa wakibishana: ni afya au ni siasa? Yeye hakuingia kwenye ubishi huo. Alichokuwa anakijua kwa miaka mingi ni kwamba mtu anayekuja na kipimo mkononi hujibiwa kwa kipimo, na upande wa pili wa mpaka ulikuwa na vipimo. Upande wa huku wafanyabiashara wengi walikuwa na malalamiko tu.

Somo hilo alilipata Mwanza akiwa bado mgeni kazini. Minofu ya sangara ndiyo iliyokuwa ikiilisha nusu ya vijana wa rika lake pale mjini, wengine viwandani, wengine kwenye barafu, wengine kwenye mitumbwi. Kwanza zikaja lawama za salmonela kutoka Uhispania na Italia. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu. Soko lilikuwa halijapumua vizuri, mwaka 1999 ikasikika habari ya wavuvi wanaomwaga dawa za kuulia wadudu ziwani ili samaki waelee, na mlango ukafungwa tena.

Kwenye suala la kipindupindu wataalamu wa dunia walikuwa upande wa wavuvi. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba biashara ya chakula kati ya nchi na nchi haijathibitika kuwa chanzo cha milipuko mikubwa ya ugonjwa huo. Hoja ilikuwa sahihi, lakini viwanda viliendelea kupunguza zamu na wanawake wa kukata minofu waliendelea kurudishwa nyumbani. Mnunuzi wa Ulaya hakuwa akiomba hoja. Alikuwa anataka mamlaka ya serikali inayokagua kiwanda, inayopima maji na samaki, na inayoweza kuonyesha karatasi za kazi hiyo wakati wowote. Kwa mabaki ya dawa za wadudu, sampuli zililazimika kusafirishwa ng'ambo, na huku majibu yakisubiriwa hakuna aliyekuwa akilipwa.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo mkemia huyu huwasimulia vijana wote anaowafundisha. Ziwa ni moja, sangara ni yule yule, ila nchi tatu hazikufunguliwa soko siku moja. Uganda ilitangulia, Tanzania ikafuata, Kenya ikawa ya mwisho. Samaki hawakutofautiana, kilichotofautiana ni kasi ya kila nchi katika kupanga ukaguzi wake na kuuthibitisha mbele ya wageni.

Ndipo Tanzania ilipojenga uwezo wake pale Nyegezi, kwenye maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki, ambayo baadaye ilipata ithibati. Watu wengi wakisikia ithibati hudhani ni cheti cha kutundika mapokezi. Kwa kweli ni utaratibu wenye ngazi. Maabara hutathminiwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025. Anayeitathmini ni chombo cha ithibati: kwa Tanzania mara nyingi ni SADCAS, chombo cha nchi za kusini mwa Afrika chenye makao yake Gaborone, kwa Kenya ni KENAS. Vyombo hivyo navyo hutathminiwa na wenzao duniani chini ya makubaliano ya ILAC, yaliyotiwa saini Novemba 2000 na kuanza kazi Januari 2001. Kwa mlolongo huo, jibu lililoandikwa Mwanza linaweza kusomwa Rotterdam bila samaki kupimwa upya kama hajawahi kupimwa.

Tena ithibati haitolewi kwa jengo. Hutolewa kwa kipimo mahsusi, kwenye zao mahsusi, kwa njia mahsusi. Maabara inaweza kuwa nayo kwa sumukuvu kwenye mahindi na isiwe nayo kwa mabaki ya viuatilifu kwenye maharagwe, na msafirishaji asiyesoma orodha hiyo hadi mstari wa mwisho atapoteza mzigo huku ameshika karatasi halali kabisa.

Siku ya kutathminiwa maabara ya nafaka alikohamia mkemia huyu haisahauliki. Mtathmini mmoja, mwanamume mpole aliyezungumza kidogo, alifungua faili la mwaka uliopita akachomoa jibu moja la karanga. Kisha akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Nani alichukua sampuli hii? Nani aliipokea mlangoni, saa ngapi? Unga ulipimwa kwa mizani ipi? Mizani ile ilifanyiwa ugezi lini, kwa mawe yapi, na mawe yale yenyewe yalilinganishwa na nini? Jibu likafika hadi Shirika la Viwango, TBS, linalotunza vipimo vya rejea vya taifa. Akahamia kwenye kichupa cha sumukuvu safi kinachotumika kulinganishia: namba ya toleo, tarehe ya kufunguliwa, jokofu lilikohifadhiwa. Akachukua daftari la joto la jokofu lile, akaweka kidole kwenye siku moja.

"Hii ilikuwa Jumapili. Nani alisoma kipimajoto?"

Alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa amefundishwa, alikuwa ameweka saini, na jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya waliofundishwa. Mtathmini akamwomba aitwe, akamwambia asome kipimajoto mbele yake. Mzee yule akasoma vizuri, pamoja na desimali.

Mchana mtathmini akaketi kwenye kiti cha pembeni akamwangalia fundi wa maabara akipima sampuli tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusema neno. Aliuliza pia matokeo ya upimaji linganishi, ule ambao unga wa aina moja hugawiwa kwa maabara nyingi za nchi mbalimbali, kila moja ikapima kivyake, na majibu yakawekwa pamoja kuona nani amejitenga na wenzake. Anayejitenga hataadhibiwa, ila atalazimika kueleza sababu kwa maandishi na kuonyesha alichorekebisha. Mkemia huyu anaamini zoezi hilo limewafunza watu wake kuliko semina yoyote ya hotelini, na ni vigumu kumpinga.

Hata hivyo, sehemu dhaifu kuliko zote iko nje ya maabara kabisa. Iko juu ya lori.

Mwaka ule wa Namanga alikuja mzee mmoja mfanyabiashara, amebeba rambo la mahindi meupe, makubwa, yanayong'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipimie haya, mzigo wangu uko barabarani, tani 30."

"Nitakupimia mzee wangu. Ila cheti kitauzungumzia huu mfuko, hakitalizungumzia lori."

"Si mahindi ni yale yale?"

Hakumjibu kwa maneno. Alichukua bambo, ndoo na koti lake, wakaenda pamoja hadi yadi lilikoegeshwa lori. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji, kinachochomwa kwenye gunia kikatoka na punje bila kulifungua. Vijana wakapanda juu. Wakachoma magunia ya juu, ya pembeni, yale ya kati ambayo kuyafikia lazima mengine yasogezwe, na ya nyuma karibu na mlango wa trela. Kila mchomo ukamiminwa kwenye ndoo, ndoo ikachanganywa, na mchanganyiko wote ukasagwa ndipo sehemu ndogo ikachukuliwa kupimwa.

Jasho lote lile lina sababu yake. Kuvu wanaotoa sumu hii hawajagawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache katika maelfu zinaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu debe zima, na jirani zake zikawa safi. Anayeteka kiganja kimoja anaweza kuzikosa kabisa, au akazikuta zenyewe tu akalihukumu lori lote bure. Ndiyo maana kanuni za Ulaya za nafaka, kwa shehena inayozidi tani 50, zinataka vijisampuli 100 vinavyofikisha kilo 10. Mashine ya kisasa ya mamilioni, ikipewa kiganja kibaya, itatoa jibu sahihi kabisa la kiganja kibaya.

Rambo la mzee lilitoka safi. Lori lilivuka kiwango cha 10. Walipolishusha, waligundua magunia ya nyuma yalikuwa yamenyeshewa na kukaukia mle mle. Yakatengwa, yaliyobaki yakachambuliwa na kupimwa upya, mzigo ukapita. Mzee hakufurahia gharama ya kushusha na kupakia, na hakuna sababu ya kumlaumu. Gharama ile ingekuwa ndogo zaidi kama bambo lingechomwa sokoni kabla hajalipa.

Rafiki wa mkemia huyu upande wa Kenya, mkaguzi wa mboga, ana simulizi linalofanana, ingawa lake ni la mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda. Mwaka 2012 maharagwe hayo na njegere za maganda kutoka Kenya vilikuwa vikikutwa Ulaya na mabaki ya dawa ya dimethoate kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kuanzia Januari 2013 Ulaya ikaagiza asilimia 10 ya shehena zipimwe zinapofika. Kwa mzigo wa mahindi kusubiri siku mbili ni usumbufu. Kwa mishiri iliyosafiri kwa ndege usiku, siku mbili ni uhai wake wote wa dukani. Shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la Kenya, KEPHIS, lilikuwa na maabara, na wakaguzi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, lakini shida ilianzia shambani: nani alipulizia, dawa gani, na alivuna baada ya siku ngapi? Wasafirishaji ambao hawakuweza kupata jibu hilo kwa mkulima wa robo eka waliona rahisi kuacha kununua kwake. Walioumia kwanza ni wale wasio na daftari. Daftari la kupulizia dawa ni shilingi chache, na chama cha wakulima chenye katibu anayejua kuandika kiliweza kubaki sokoni.

Si kila kipimo kinahitaji mashine ya kutisha. Parachichi la Hass lililochumwa changa haliivi. Husinyaa tu, likamtia aibu mkulima wa Murang'a au wa Njombe kwenye duka la mbali. Kenya inataka tunda la kusafirishwa liwe na angalau asilimia 24 ya vitu vikavu, na namna ya kupima ni kukwangua nyama ya tunda, kuipima uzito, kuikausha, kisha kuipima tena. Oveni ndogo na mizani nzuri vinatosha. Kazi ngumu ya parachichi ni wadudu: kwa sababu ya inzi wa matunda, China mwaka 2019 ilikubali parachichi la Kenya likiwa limegandishwa tu, na ni baada ya makubaliano ya ukaguzi ya Januari 2022 ndipo tunda bichi lilipopata njia. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka ya mitego ya inzi kuhesabiwa, mashamba kusajiliwa na vyumba vya kufungashia kukaguliwa. Biashara ile imebebwa na kazi hiyo kuliko hotuba za uzinduzi.

Lakini kuna upande wa jambo hili ambao mkemia huyu huuzungumzia kwa uchungu, na makala hii iko pamoja naye. Viwango hutofautiana. Marekani huvumilia hadi sehemu 20 za sumukuvu kwenye chakula cha binadamu, Afrika Mashariki 10, na Ulaya 4 kwa karanga za kuliwa moja kwa moja. Basi gunia likikataliwa soko moja, hutafuta jingine. Lori likirudishwa mpakani, mahindi yale huenda wapi? Mara nyingi hayachomwi moto. Hushuka bei, yakaingia kwenye gulio ambalo halina maabara wala mkaguzi, yakanunuliwa na anayetafuta bei nafuu zaidi.

Na watu hufa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, kwenye maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikaja zamu ya mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwamo wilaya za Chemba na Kiteto: wagonjwa 68, vifo 20. Katika matukio hayo hapakuwa na meli wala mnunuzi wa nje. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyopigwa na ukame shambani au kuhifadhiwa na unyevu, yakasagwa na kuliwa na wenyewe, watoto wakiwa wa kwanza. Dunia yenyewe iliigundua sumu hii kwa sababu ya mifugo ya matajiri: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula chenye karanga zilizoingiwa na kuvu, wanasayansi wakaitafuta hadi wakaipata. Watoto wa Chemba na Kiteto wanastahili bidii isiyopungua ile.

Kwa hiyo yeye hakubali kwamba ukaguzi wa mazao ya kuuza nje ni jambo la wafanyabiashara wakubwa. Maabara iliyojengwa ili mahindi yavuke Namanga ina mashine ile ile, mafundi wale wale na mizani ile ile inayoweza kumpimia mwenye kinu cha kusaga Kibaigwa. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania uko chini ya TBS, na mwaka huo huo serikali ilianza mradi wa TANIPAC wa kupambana na sumukuvu, wenye maghala na kituo cha Mtanana, wilayani Kongwa. Kongwa hiyo ndiyo ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya ardhi na ukame kuukataa. Ukame ule bado upo, na mmea ulioteswa na jua ndio unaoingiwa na kuvu kirahisi. Dawa zake zinajulikana: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kufikisha unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake kabla ya kufunga gunia, kuchambua punje zilizovunjika na zenye rangi, kukoboa kabla ya kusaga.

Kinachomshughulisha sasa ni kalamu ya wino mzito. Anataka kila gunia linaloingia soko la Kibaigwa liwe limeandikwa ubavuni jina la kijiji na tarehe ya kupukuchua, na bambo lichomwe getini kabla bei haijatajwa, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kilikotoka gunia, mabaya na mazuri. Baadhi ya madalali wanapinga. Wanasema vijiji vitachafuliwa jina na wakulima watakosa wanunuzi. Hoja yao ina uzito, na yeye anaijibu kwa kutaka halmashauri zikubali kwanza kwamba kijiji kinachopata majibu mabaya kitapelekewa maturubai na kipima unyevu kabla ya msimu unaofuata. Amekwisha kuwaandikia. Vijiji alivyoomba vitangulie ni vya Chemba na Kiteto.